Nyota Nne na Mabamba Kumi na Sita

Tangazo. Kwa heshima na taadhima, na kwa masikitiko yanayostahili kuandikwa kwa herufi nene, wasomaji wote wanajulishwa kwamba siku ya Alhamisi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, katika chumba cha mitambo cha kiwanda kimoja cha uchapaji, mwanamke wa makamo, mpangaji wa kurasa, mama wa watoto wawili, asiye na doa lolote la utovu wa nidhamu isipokuwa siku ile alipomwambia karani wa mapokezi kwamba anaandika kama anayefukuzwa na nyuki, alikaa juu ya mabamba kumi na sita ya kuchapia, akakunja mikono, akakataa kuinuka. Alikaa kwa karibu saa tatu nzima. Mtambo ulisimama. Mkurugenzi alisimama. Kila aliyekuwa na cha kusimamisha alisimamisha, na yeye akaendelea kukaa.

Kabla hamjamhukumu, kwa kuwa kuhukumu ni burudani isiyo na kiingilio, msikilizeni kwanza.

Kiwandani anaitwa Mama Nyota. Hana mtoto wa jina hilo, wala hapigi ramli, ingawa yupo mteja mmoja aliyewahi kupanda ngazi mpaka mezani kwake, akavuta kiti, akamnong'oneza tarehe yake ya kuzaliwa. Mama Nyota alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akamwambia, "Kaka, kwa ninavyokuona utaoa tu. Lakini mimi napanga vitabu."

Jina lilitokana na kazi. Miswada ilikuwa ikiletwa kiwandani kila mmoja umevaa nguo zake. Huyu kaandika vichwa vya sura kwa rangi nyekundu, yule kavipigia mistari mitatu chini, mwingine kavizungushia maua kama kadi ya harusi. Kuuvua muswada mmoja mapambo hayo kulichukua wiki nzima. Mama Nyota akachoka, akaweka sheria: leteni maandishi matupu. Bila rangi, bila maua, bila mbwembwe. Kichwa cha sura kiwekee nyota moja mbele. Kichwa cha sehemu, nyota mbili. Kifungu kidogo, nyota tatu. Basi. Mengine niachieni mimi.

Hayo mengine ndiyo yaliyokuwa ufundi wenyewe. Maandishi matupu yanapoingizwa kwenye programu ya kuyageuza kuwa kurasa, programu huwa inataka kujua jambo moja tu: nikikutana na nyota moja nifanye nini? Na mbili? Na tatu? Majibu yanakaa kwenye faili dogo la kanuni, na Mama Nyota alikuwa ameandika mafaili ya kanuni arobaini na matatu kwa miaka kumi na tisa, kila aina ya kitabu na lake. Kwa vitabu vya sheria, nyota tatu zilitoa namba pambizoni, ili wakili aione haraka mbele ya hakimu. Kwa mashairi, nyota hazikutoa namba kabisa. Zilitoa nafasi nyeupe tu, shairi lipumue. Kwa vitabu vya mapishi, kila nyota mbili zilianzia ukurasa wa kulia, ili mpishi mwenye unga mikononi asilazimike kufunua karatasi katikati ya kukanda. Nani alimwagiza afikirie unga wa watu? Hakuna. Alifikiria tu.

Meza yake ilikuwa karibu na dirisha linalotazama ukuta wa gereji ya jirani. Juu yake palikuwa na kompyuta, daftari lenye jalada gumu, na miwani ambayo mkono wake wa kushoto ulifungwa kwa uzi mweusi. Kiti chake kilikuwa cha mbao, na mto aliushona mwenyewe kwa pazia la zamani la ofisini. Mambo ya mto yatakuja baadaye, ukumbukeni.

Sasa, mtu huyu alikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwenye miaka sabini na moja na kauli za kukatia chuma. Alizalisha watu kwa miaka arobaini, wakiwemo wajukuu wake wawili, na alipostaafu akaamua kuandika mwongozo kwa wakunga wanafunzi, wale wanaopelekwa zahanati za mbali wakiwa na begi moja na woga mwingi. Aliuandika kwenye kompyuta ya nyumbani kwa vidole viwili, akikigombeza kila kitufe. Mama Nyota alikaa naye jioni kadhaa kumfundisha nyota.

"Hapa nimeandika *usifanye*," mama mkwe alisema siku moja akionyesha kioo kwa kijiti cha meno. "Usifanye hivi, usifanye vile. Nimehesabu, yapo sitini na moja. Mikono imekufa ganzi."

"Mama, si lazima ujitese hivyo," mkwe alimjibu, na hapa ndipo shetani alipovuta kiti akakaa nao. "Maonyo yote yape nyota nne. Andika tu lile jambo baya lenyewe, kwa mfano 'Kuvuta kitovu kabla kondo la nyuma halijaachia.' Hilo neno 'usifanye' mimi nitaliweka kwenye kanuni. Programu ikiona nyota nne, yenyewe itachora kisanduku cheusi, itaandika USIFANYE kwa herufi kubwa juu yake, mara sitini na moja, bila kukosea, bila kuchoka."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, mama."

"Haya. Wewe ndiye msomi." Mama mkwe akaanza kufuta. Alifuta *usifanye* moja baada ya nyingine, na Mama Nyota akaandika kanuni ya arobaini na nne, mistari sita tu, mizuri kiasi kwamba siku ile alirudi nyumbani akiimba.

Basi hapo ndipo akaja Mkurugenzi mpya.

Mkurugenzi alitokea kwenye kampuni ya magodoro. Magodoro si haba. Yana urefu, upana na unene, na ukishajua hivyo vitatu umemaliza. Alipofika kwenye vitabu akashangaa kwamba havikutengenezwa kwa vipimo vitatu. Akazunguka vyumba akiwa ameshika mikono nyuma, akauliza, "Kwa nini kitabu hiki kina namba na hiki hakina?"

"Hiki ni cha mashairi, bosi," Mama Nyota alisema.

"Mashairi hayahesabiki?"

Wiki iliyofuata akaletwa Mshauri, kijana wa viatu vyenye ncha, aliyezungumza akiwa amefumba macho kama anayeonja supu. Mshauri alichunguza mafaili arobaini na manne ya kanuni kwa muda wa, tuseme, kikombe kimoja cha kahawa, akatangaza kwamba huo ni uchafu. Akaleta kitu alichokiita Kiolezo Kimoja. Mpangilio mmoja kwa vitabu vyote. Nyota moja, namba. Nyota mbili, namba na nukta. Nyota tatu, namba, nukta, namba tena. Yale arobaini na manne akayafuta. Hakuyahamisha, hakuyawekea nakala mahali. Alibonyeza akafuta, kisha akajipangusa vidole kwa kitambaa.

"Tumesafisha," alisema.

Miaka kumi na tisa! Mtu anakufagilia miaka kumi na tisa kama makombo ya mkate, halafu anakuambia amekusaidia usafi. Mama Nyota alikwenda chooni, akafungua bomba, akaliacha litiririke.

Matunda ya Kiolezo Kimoja hayakuchelewa. Diwani ya mapenzi ilitoka na shairi lenye kichwa "3.2.1 Usiku Bila Wewe", na mshairi akaja mwenyewe mapokezi, akauliza kwa upole iwapo kuna 3.2.2, na kama ipo, wewe huyo ni nani. Kijitabu cha wasifu wa marehemu kilikuwa na "4. Kifo" na chini yake "4.1 Hitimisho". Wajane na yatima walikisoma mbele ya kaburi, watu wakawa wanabana midomo. Kitabu cha watoto kilianza na "Sura ya 1: Shukrani", "Sura ya 2: Dibaji", na sungura mwenyewe akajitokeza Sura ya 5, watoto wameshalala.

Mama Nyota aliandika barua. Akajibiwa kwamba malalamiko yapitie Fomu ya Maombi ya Kupotoka, nakala tatu. Akaichukua fomu. Nayo ilikuwa imepangwa na Kiolezo Kimoja: "1. Jina. 1.1 Jina lako. 1.1.1 Andika jina." Akaijaza yote. Kwenye 6.3.2, palipoandikwa "Sababu ya kutaka kupotoka", aliandika: *Sijapotoka mimi.* Akaomba kanuni ya mwongozo wa wakunga irudishwe, akaeleza habari ya nyota nne kwa mistari kumi na miwili, akachora hata kisanduku chenyewe kwa rula. Fomu ikapokelewa, ikapigwa muhuri, ikalazwa kwenye trei.

Jumanne na Jumatano wapangaji wote walipelekwa semina ya siku mbili ili wakakipende Kiolezo Kimoja. Mama Nyota alikaa mstari wa nyuma akila biskuti kwa hasira. Huku nyuma, kwa sababu mwongozo wa wakunga ulikuwa unazinduliwa wiki iliyofuata na kadi za wageni zilishasambazwa, Mshauri akaamua kuonyesha jinsi kazi inavyofanywa. Akakaa mezani kwa Mama Nyota, akaingiza maandishi matupu ya mama mkwe kwenye Kiolezo, akabonyeza. Dakika nne. Jumatano jioni mabamba kumi na sita yalikuwa tayari.

Alhamisi asubuhi Mama Nyota alifika akakuta kiti chake hakipo. Meza ipo, kompyuta ipo, daftari lipo, kiti na mto wake vimetoweka. Akashuka chini chumba cha mitambo kumuuliza fundi, maana fundi ndiye aliyejua kila kitu kilichohama.

Fundi mitambo alikuwa mzee mfupi wanayemwita Wino, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kucha zake zina rangi gani. Alikuwa akinywa chai. Juu ya glasi aliweka karatasi ya majaribio, ile ya kwanza kutoka kwenye mtambo, ili vumbi lisiingie.

"Kiti chako kimepandishwa kwa bwana mdogo, yule Mshauri," Wino alisema. "Anasema kinamfaa mgongo. Mimi nikamwambia kile kiti kina mwenyewe, akaniambia kila kitu cha kiwanda ni cha kiwanda. Nikanyamaza, mimi nina mtambo wa kulisha."

Mama Nyota alikuwa akisoma kifuniko cha glasi.

Ulikuwa ukurasa wa thelathini na mbili. Umepangwa vizuri. Pambizo zimenyooka, herufi safi. *Hatua za kufuata mara mtoto anapozaliwa.* Moja, mpokee. Mbili, mkaushe. Tatu, nne, tano. *6. Mweke mtoto kifuani kwa mama yake, mfunike.* Halafu, bila kisanduku, bila herufi kubwa, bila hata kushusha pumzi:

*7. Kuvuta kitovu kabla kondo la nyuma halijaachia.*

*8. Kukandamiza tumbo kwa kiwiko.*

*9. Kumwacha mama peke yake saa ya kwanza.*

Kiolezo Kimoja kilijua nyota moja mpaka tatu. Kilipokutana na nne hakikuuliza. Kilizibadilisha kuwa orodha, kikaendeleza namba pale hesabu ilipofikia. Maonyo sitini na moja yalikuwa yamegeuka kuwa maelekezo sitini na moja.

"Chai yangu," Wino alisema, kwa kuwa karatasi ilikuwa imeondoka na Mama Nyota alikuwa tayari ngazini.

Juu alimkuta Mshauri amekalia kile kiti cha mbao, mto wa pazia chini yake. Akamwekea karatasi mbele ya pua. Mshauri akafumba macho, akayafumbua, akasoma.

"Namba zinafuatana vizuri," alisema.

"Zinafuatana vizuri? Soma kilichoandikwa, bwana mdogo! Soma saba!"

"Dada, mimi sisomi vitabu, napanga. Kiolezo hakiangalii maana. Hiyo ndiyo nguvu yake."

"Hii inaua mtu."

"Hayo ni ya mwandishi. Kama alitaka kusema usifanye, kwa nini hakuandika usifanye?"

Neno lile lilimpata Mama Nyota mahali ambapo hakuna aliyepaswa kupafikia, achilia mbali mtu wa viatu vya ncha. Akatoka, na hasira yake, iliyokuwa na mtu mmoja wa kumla, sasa ikawa na wawili, yeye mwenyewe akiwemo.

Mkurugenzi alikuwa akichagua rangi ya vitambaa vya meza za wageni.

"Tutaweka karatasi ya masahihisho mwishoni," alisema baada ya kusikiliza nusu. "Ukurasa wa mwisho kabisa. Ndogo, yenye staha."

"Bosi, mwanamke anatoka damu, binti wa miaka ishirini na mbili ameshika kitovu mkononi, wewe unataka afunue mpaka ukurasa wa mwisho kutafuta staha?"

"Usinipandishie sauti. Nakala elfu nne, mtambo unaanza saa tatu na nusu. Uzinduzi hauahirishwi kwa ajili ya nyota."

"Niliomba kwa fomu."

"Fomu yako ipo kwenye mchakato."

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tatu na robo. Mama Nyota alishuka ngazi mbili mbili. Mabamba yalikuwa yamepangwa juu ya kreti karibu na mtambo, mng'aro mtupu, kila moja na kurasa nane zimelala kichwa chini kichwa juu. Kwanza aliyafunika kwa katoni, maana mchapaji wa kweli hakwaruzi bamba hata akiwa amechanganyikiwa. Kisha akakaa.

"Mama Nyota," Wino alisema polepole, "umekalia ukurasa wa thelathini na mbili."

"Nimekalia yote, mzee. Zima mtambo."

"Nitafukuzwa."

"Sema nilikuzidi nguvu."

Wino alimtazama, akautazama mtambo, akarudi kwake. Akazima. Kisha akamletea chai, hii ya sasa bila kifuniko.

Watu wakaanza kushuka. Karani wa mapokezi alisimama mlangoni akijifanya anatafuta bahasha. Wakunja karatasi wakajipanga ukutani. Mkurugenzi akashuka na barua ya onyo iliyochapwa chapuchapu, na kwa kuwa kiwandani hakuna kilichokiepuka Kiolezo, ilisomeka: "1. Kosa. 1.1 Kukaa. 1.1.1 Juu ya mabamba."

"Inuka."

"Siinuki."

"Kwa mara ya mwisho, mama, inuka!"

"Mara ya mwisho umeshaisema mara tatu. Iwekee namba."

Mtu mmoja akacheka pembeni, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mama Nyota mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameshampigia simu mama mkwe, na kwa kusema kweli, jambo pekee aliloliogopa asubuhi ile halikuwa barua.

Mama mkwe alifika saa sita kasoro, mwamvuli mkononi, pochi begani, amevaa viatu vya kazi vile vyeupe ambavyo hakuwahi kuvistaafisha. Hakumsalimu mtu. Aliomba karatasi, akausoma ukurasa wote bila kubadilisha uso, akaikunja mara mbili. Kisha akamgeukia Mkurugenzi.

"Wewe ndiye mwenye kiwanda, baba?"

"Mimi ndiye Mkurugenzi, mama. Karibu. Kuna kutoelewana kidogo ambako..."

"Una watoto?"

"Watatu."

"Uliwaona wanazaliwa?"

Mkurugenzi alirekebisha tai. "Nilikuwa safarini."

"Mara zote tatu?"

"Kazi, mama."

"Basi leo utazalisha. Mimi ndiye mzazi." Akavuta boksi la karatasi, akakaa, akaweka pochi mapajani, akamkabidhi Mkurugenzi ile karatasi na ncha ya mkanda wa pochi. "Wewe ni mkunga wa mwaka wa kwanza. Uko peke yako, gari liko mbali, taa ni moja na inafifia. Hujui kitu. Una kitabu tu, na kitabu kimechapwa na watu wazima wenye ofisi, kwa hiyo unakiamini. Haya, mtoto ameshatoka. Soma sita."

Mshauri alikuwa ameshuka, yupo ngazi ya tatu kutoka chini. Mkurugenzi alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumpa ule mkanda, akakosa.

"Sita," alisoma. "Mweke mtoto kifuani kwa mama yake, mfunike."

"Amewekwa. Amefunikwa. Saba."

"Saba. Kuvuta kitovu kabla kondo la nyuma hali... halijaachia."

"Huo ulioushika ndio kitovu. Vuta."

"Mama, hii si..."

"Kitabu kimesema saba. Vuta!"

Kuna sauti ambazo mtu hutii kabla ya kufikiri, na mama mkwe alikuwa ameitumia ile kwa miaka arobaini. Mkurugenzi alivuta. Kidogo tu, kama anayevuta kamba ya kengele. Pochi ikapinduka mapajani, ikamwaga kila kitu sakafuni: funguo, leso, dawa za presha, sarafu moja iliyozunguka chini ya mtambo na kuchukua muda mrefu kutulia.

"Nimekufa," mama mkwe alisema bila kupandisha sauti. "Damu imefika pale ulipo, viatu vyako vimelowa. Mtoto yuko hai kifuani kwangu, ananyonya, hajui. Endelea. Nane."

Mkurugenzi hakuendelea. Aliutazama mkanda mkononi mwake, akauweka juu ya meza ya Wino taratibu, kama kitu chenye joto.

"Mabamba mapya yanachukua muda gani?" aliuliza, na hakuwa akimwuliza Mshauri.

"Kesho mchana," alisema Wino.

"Yatengenezwe."

Mngedhani hapo watu walipiga makofi. Hawakupiga, kwa sababu mama mkwe alikuwa bado hajamaliza. Aliokota dawa zake, akageuka kwa yule aliyekaa juu ya kreti.

"Na wewe inuka."

Mama Nyota aliinuka.

"Nilikuwa nimeyaandika. Yote sitini na moja. Mkono umekufa ganzi lakini nimeyaandika. Nani aliniambia niyafute?"

"Mimi, mama."

"Ulisemaje?"

"Nilisema itaandika yenyewe."

"Itaandika yenyewe." Mama mkwe alitikisa kichwa. "Huyu wa viatu sikumjua, wala hakunijua. Wewe unanijua. Neno langu ukalitoa kitabuni ukaliweka kwenye kidude ambacho mtu yeyote anaweza kukifuta akiwa anakunywa kahawa."

Mama Nyota angeweza kusema kanuni ile ilikuwa nzuri. Na kweli ilikuwa nzuri. Mistari sita.

"Naenda kuyarudisha," alisema.

Walipanda wote wawili. Mama Nyota alifanya kazi amesimama, kwa kuwa kiti hakikuwepo na hakutaka kukiomba. Mama mkwe alikaa juu ya rundo la kamusi, akawa anasoma kutoka kwenye kumbukumbu: "Usivute kitovu. Andika. Usikandamize tumbo. Andika. Usimwache mama peke yake saa ya kwanza, hata ukiitwa, hata ukiwa na njaa. Andika, na hiyo ya njaa iandike." Moja baada ya nyingine, ndani ya maandishi yenyewe, kwa herufi zake zote. Baada ya hapo ndipo Mama Nyota akaandika upya kanuni ya kisanduku cheusi, kwa sababu kisanduku bado kilikuwa kizuri. Ila ndani yake hakuweka neno hata moja. Kikifutwa, kife peke yake.

Kufika alasiri waliishia kwenye la sitini na moja. Mama mkwe akaomba chai, akanywa, akasema, "Chai mngeweka sukari zaidi." Hayo kwake yalikuwa ni msamaha, au kitu kinachokaribiana nao.

Kitabu kilichapwa Ijumaa jioni hadi Jumamosi. Na wiki iliyofuata, kwenye ukumbi wenye vitambaa vya meza vya rangi ya zambarau, Mkurugenzi alipanda jukwaani akaeleza jinsi kiwanda, kwa maono yake, kilivyogundua hitaji la visanduku vya maonyo, na kwamba sasa anayo furaha kutangaza Kiolezo Kimoja, Toleo la Pili, lenye nyota nne. Alisema "usalama" mara tisa. Barua ya onyo haikutajwa. Ilikuwa kwenye faili la Mama Nyota na ipo mpaka leo, namba zake zote zimetimia. Mama mkwe alikaa meza ya mbele akila karanga, akifungua nakala ya mwongozo kwenye ukurasa wa thelathini na mbili kila baada ya dakika chache, kama anayeangalia mtoto amelala.

Mshauri alikuwa meza ya wageni wa heshima. Walikuwa wamempelekea kiti chake ukumbini, cha mbao, chenye mto wa pazia.

"Na sasa," Mkurugenzi alisema, kipaza sauti kikipiga mluzi, "namwita mama yetu, shujaa wetu, nguzo ya Kiolezo Kimoja! Mama Nyota, njoo uwaambie wageni, kwa maneno yako mwenyewe, ni nini kilichofanikisha kitabu hiki?"

Mama Nyota alisogea mbele, akashika kipaza sauti kwa mkono mmoja, miwani kwa mwingine. Wageni wakainua simu kumpiga picha.

"Niliandika usifanye mara sitini na moja," alisema.

Mkurugenzi alisubiri. Wageni walisubiri.

"Na lingine, Mama Nyota?"

"Hakuna. Ila yule bwana pale amekalia kiti changu."